Kufunga biskuti za nyumbani kwa zawadi ya Krismasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, maswali yaleyale hurudi. Nimeyakusanya hapa, nikaanza na ya msingi na kumalizia na yale yanayompata mtu mmoja mmoja. Utaona neno moja linajirudia karibu katika kila jibu: unyevu. Ukishaelewa unyevu unavyoingia kwenye biskuti, unavyotoka na unavyohama kutoka biskuti moja kwenda nyingine, maswali mengi utajijibu mwenyewe.

## Kabla ya kufunga chochote

1. Nianze na kipi, biskuti au chombo cha kuzifungia?

Chombo. Wengi huoka kwanza ndipo watafute pa kuzitia, na hapo biskuti yenye upana wa sentimita 9 hulazimishwa kupita kwenye mdomo wa chupa wa sentimita 7. Ukishajua chombo, umejua pia ukubwa wa kukatia, unene, na idadi ya biskuti kwa kila mtu.

Pamoja na chombo, fikiria njia ambayo zawadi itapita. Zawadi unayoipeleka mwenyewe jioni hiyohiyo inaweza kubeba biskuti za jemu, zenye aisingi, hata nyota zenye ncha nyembamba. Itakayosukwasukwa siku tano kwenye gari la mizigo haiwezi. Jiulize nani anapokea, itamfikia lini, na ataifungua siku gani. Majibu hayo matatu ndiyo yachague mapishi.

2. Biskuti zipoe kwa muda gani kabla ya kufungwa?

Mpaka zipoe kabisa, ndani na chini. Nyembamba huchukua kama saa moja juu ya wavu wa kupozea. Nene, au zile za kukatwa vipande kutoka kwenye trei, huhitaji saa mbili au zaidi. Usiamini kidole juu ya biskuti ya pembeni. Chukua iliyokuwa katikati ya trei, igeuze, na uguse upande wake wa chini kwa shavu. Shavu huhisi uvuguvugu ambao ncha za vidole vya mpishi zimeshazoea. Ukihisi joto hata kidogo, bado.

Sababu ni kwamba biskuti yenye joto inaendelea kutoa mvuke. Ukiifungia, mvuke hugonga ukuta baridi wa mkebe, unageuka matone, na matone hayo yanarudi kwenye biskuti. Mwaka mmoja nilifunga mikebe sita usiku wa manane, nina safari alfajiri, na biskuti zilikuwa na uvuguvugu tu. Jioni ya siku ya pili nilifungua mkebe niliobaki nao: kifuniko kilikuwa na jasho kwa ndani, na biskuti za siagi zilizokuwa zikikatika vizuri mno sasa zilipinda bila kuvunjika. Mikebe mingine mitano ilikuwa tayari mikononi mwa watu ninaowapenda. Iliniuma sana. Tangu wakati ule nimetenganisha siku ya kuoka na siku ya kufunga: zikishapoa zinakaa kwenye chombo kimoja kikubwa chenye kifuniko cha kubana, na kesho yake ndipo nagawa na kupamba.

3. Biskuti za aina gani zinafaa kwa zawadi?

Zile zenye maji kidogo ndani yake. Biskuti za siagi zilizookwa hadi kingo zikawa na rangi ya dhahabu, za tangawizi na mdalasini, za lozi, na zile zinazookwa mara mbili huvumilia siku nyingi na misukosuko mingi. Za viungo zenye asali hata huwa bora zaidi baada ya siku kadhaa, kwani asali huvuta unyevu polepole na harufu ya viungo hutulia na kuenea.

Za shayiri na za vipande vya chokoleti, zile laini za kutafunika, zinafaa pia mradi zifike mapema. Zisizofaa ni zenye krimu, jibini laini, kastadi au matunda mabichi. Hizo zinahitaji friji, na hakuna mkebe wala karatasi inayoweza kuchukua nafasi ya friji.

4. Nioke siku ngapi kabla ya Krismasi?

Hizi ndizo hesabu ninazozifuata mimi, kwa biskuti zilizofungwa zisipitishe hewa na kuwekwa mahali pakavu penye ubaridi wa wastani. Za viungo zenye asali hukaa wiki 3 hadi 4. Kavu za siagi, wiki 2 hadi 3. Laini zenye chokoleti au shayiri, siku 5 hadi wiki moja. Zenye jemu katikati, siku 3 hadi 5.

Kwa hiyo za viungo naoka mwanzoni mwa Desemba, za siagi kati ya tarehe 10 na 15, na laini kuanzia tarehe 20. Za jemu naoka bila jemu, kisha natia jemu siku moja kabla ya kutoa zawadi. Kama muda hauruhusu kupanga hivyo, friza itakusaidia. Tazama swali la 22.

## Vyombo na karatasi

5. Mkebe wa bati, chupa ya kioo, boksi au mfuko: kipi ni bora?

Kwa biskuti kavu, mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana ndio mfalme. Haupitishi mwanga, haupondeki, na mpokeaji ataendelea kuutumia. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mpira kwenye kifuniko huzuia hewa vizuri kuliko mikebe mingi, na inaonyesha kilichomo, lakini ni nzito na haifai kusafirishwa mbali. Tena chupa inataka biskuti ndogo; kubwa huvunjika wakati wa kuzitoa, na mpokeaji akashindwa kufikia za chini.

Boksi la karatasi ngumu linapendeza na ni rahisi kulipanga, ila peke yake halizuii unyevu hata kidogo. Lichukulie kama koti: shati ni mfuko uliofungwa vizuri ndani yake. Mfuko angavu peke yake unatosha kwa biskuti chache za kupeleka mkononi.

6. Naweza kutumia mikebe na chupa zilizokwishatumika?

Naam, na inafaa, baada ya ukaguzi wa mambo mawili: kutu na harufu. Mkebe wenye kutu ndani haufai tena kwa chakula, labda biskuti ziwe zimefungwa kwenye mfuko wao. Chupa iliyokaa na achari au vitunguu inaweza kuonekana safi huku kifuniko chake kikiwa bado na kumbukumbu yote. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, iache na kijiko cha soda ya kuokea na maji usiku kucha, isuuze, ikauke wazi, kisha ifunge tupu kwa siku moja. Ifungue na unuse. Biskuti ina siagi, na siagi hunyonya harufu haraka kuliko unavyodhani. Kama kifuniko bado kinanuka, kibadilishe.

Mkebe uliooshwa ufute, kisha uuweke dakika chache kwenye oveni iliyozimwa lakini bado ina joto. Maji hujificha kwenye mkunjo wa chini, na kitambaa hakifiki pale.

7. Karatasi gani inaruhusiwa kugusa biskuti?

Karatasi ya kuokea, karatasi ya nta, na vikombe vya karatasi vinavyotengenezwa kwa ajili ya keki ndogo. Karatasi laini ya rangi inayowekwa kwenye zawadi ikae nje ya hizo, kwa sababu rangi yake inaweza kutoka ikikutana na mafuta. Gazeti lisiguse chakula kabisa: wino wake huhamia kwenye siagi. Karatasi za kupamba ukuta, zenye kung'aa au zenye pambo la unga, ni za nje tu.

Jaribio dogo: weka biskuti moja juu ya karatasi kwa saa kadhaa. Doa la mafuta likitokea upande wa pili, karatasi hiyo itachafua boksi lako kabla haijafika.

8. Nimefunga kwa mfuko angavu na utepe mzuri, mbona zimelegea baada ya siku mbili?

Kwa sababu utepe unafunga kwa macho tu. Mdomo wa mfuko uliokusanywa na kufungwa kwa utepe huacha mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mfereji wa hewa. Kunja mdomo mara mbili au tatu, kila mkunjo upana wa kidole, ukisukuma hewa itoke taratibu, kisha ubandike kwa stika au mkanda wa gundi. Utepe uje juu ya hapo kama pambo. Ukiwa na mashine ndogo ya kuyeyusha na kubana mdomo wa mfuko, bora zaidi. Usitumie pini za steplazi. Moja ikichomoka ndani ya biskuti ni jeraha la mdomo.

Sababu ya pili ni mfuko wenyewe. Selofani halisi hutengenezwa kwa selulosi ya mimea, na ile isiyopakwa kinga hupitisha unyevu. Mifuko mingi inayoitwa selofani siku hizi ni plastiki ya polipropilini, ambayo huzuia unyevu vizuri zaidi. Selulosi hushika mkunjo ukiibana kwa vidole na hupasuka kirahisi ikishachanika kidogo. Polipropilini hurudi kujinyoosha.

9. Nitajuaje ukubwa wa boksi?

Pima mnara, usipime biskuti moja. Tuseme biskuti zako zina upana wa sentimita 6 na unene wa sentimita 1, na unataka 12 kwa kila boksi. Minara miwili ya biskuti sita inahitaji urefu wa 12, upana wa 6 na kimo cha 6. Ongeza sentimita moja kwa kila kipimo kwa ajili ya karatasi, unapata 13 kwa 7 kwa 7. Boksi kubwa kuliko hapo linazipa biskuti nafasi ya kugongana. Kama umeshanunua kubwa, jaza pembe kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwakunjwa.

## Kuzipanga ndani

10. Naweza kuchanganya aina mbalimbali kwenye mkebe mmoja?

Kuchanganya ndiko kunakoharibu zawadi nyingi nzuri. Kavu na laini zikikaa chumba kimoja, unyevu hutoka kwenye laini na kuingia kwenye kavu mpaka zilingane. Matokeo yake laini zinakauka, kavu zinalegea, na aina zote mbili hazina utamu wake tena. Hii hutokea hata zisipogusana, maana unyevu unapita hewani.

Harufu nazo huhama. Biskuti moja ya nanaa inaweza kufanya mkebe mzima uwe wa nanaa. Tangawizi na karafuu ni hivyohivyo, ingawa nyingi husameheana.

Ukitaka mchanganyiko, na mimi pia naupenda kwa sababu unapendeza ukifunguliwa, funga kila aina kwenye mfuko wake mdogo, kisha panga mifuko ndani ya mkebe. Au changanya kavu na kavu tu: za siagi, za lozi na za vanila hukaa pamoja kwa amani.

11. Nipange vipi zisivunjike?

Nzito chini, nyepesi juu, karatasi ya kuokea kati ya kila safu. Biskuti za duara zilale kwa minara au zisimame kwa ukingo kama sarafu kwenye boksi refu. Zikisimama hazibebi uzito wa wenzao. Biskuti dhaifu zifunge mbilimbili, mgongo kwa mgongo, pande bapa zikigusana.

Ukishafunga kifuniko, shika mkebe sikioni na uutikise kidogo. Ukisikia kitu kinatembea, fungua, ongeza karatasi, rudia. Zawadi iliyofungwa sawasawa haitoi sauti.

12. Za aisingi zinafungwaje bila kuchafuana?

Ziache zikauke wazi saa 12 hadi 24 kwa aisingi ya ute wa yai, zikiwa zimetandazwa bila kugusana. Uso ukionekana mkavu baada ya saa mbili usidanganyike: chini ya ganda hilo bado kuna ulaini, na uzito wa biskuti nyingine utalibonyeza. Aisingi ya siagi haikauki hivyo kamwe. Biskuti zake zikae safu moja tu, na zitolewe siku hiyohiyo au ya pili yake.

Kwa ute, tumia uliopashwa joto kiwandani kuua vijidudu, au ute wa unga. Zawadi hii itaenda kwa wazee, wajawazito na watoto, na yai bichi si la kuwabahatishia.

13. Na zile zilizochovywa kwenye chokoleti?

Adui wao ni joto. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 za Selsiasi, na chokoleti huanza kulegea kabla ya hapo, kwa hiyo gari lililoegeshwa juani linatosha kuunganisha biskuti zote kuwa bonge moja. Ziweke safu moja, karatasi juu na chini. Chokoleti ikitokeza utando wa kijivu, hiyo si kuvu. Ni mafuta yake yaliyopanda juu baada ya kupata joto na kupoa, au sukari iliyoguswa na unyevu. Zinalika, ila hazipendezi.

14. Kuweka kipande cha mkate ndani ya mkebe kunasaidia kweli?

Kunasaidia biskuti laini tu. Mkate hutoa unyevu wake, biskuti zinaupokea. Mkate wenyewe hukauka na unaweza kuota kuvu, kwa hiyo uwekwe juu ya karatasi na utolewe baada ya siku moja au mbili. Mimi nautumia wakati wa kuhifadhi nyumbani, na kamwe siuachi ndani ya zawadi inayoondoka. Kwa biskuti kavu mkate ni sumu.

15. Hewa ya kwetu ina joto na unyevu mwingi. Nifanye nini?

Chagua biskuti kavu na uzioke dakika mbili tatu zaidi, ziwe na rangi. Zifunge mara tu zikipoa kabisa, usiziache zilale wazi mezani, maana kwenye hewa nzito huanza kunyonya unyevu ndani ya saa chache. Tumia vifungashio viwili: mfuko uliobanwa, kisha mkebe. Vipakiti vya kunyonya unyevu vipo, lakini tumia vile vilivyotengenezwa kwa chakula pekee, na usiviweke kwenye zawadi itakayofunguliwa na watoto wadogo.

## Mapambo, lebo na usalama

16. Mapambo gani ni salama?

Kijiti cha mdalasini, tawi la rozimari, kipande cha chungwa kilichokaushwa, utepe wa kitambaa, uzi wa katani. Vyote vikae nje ya mfuko wa biskuti. Epuka matunda mekundu ya holi na meupe ya misileto, hata kama yanaonekana kwenye kila picha ya Krismasi: yana sumu, na mtoto hatofautishi pambo na peremende. Shanga na kengele ndogo ziepuke pia kwenye zawadi ya nyumba yenye watoto wa kutambaa.

Kuhusu unga wa kung'aa unaonyunyizwa juu ya aisingi, soma kifungashio. Maneno "hauna sumu" hayana maana ya "unalika". Ule wa kuliwa huorodhesha viambato vyake kama chakula kingine chochote.

17. Lebo iandikwe nini?

Jina la biskuti, tarehe iliyookwa, ziliwe kabla ya lini, zihifadhiwe vipi, na viambato vyote. Viambato vyote, si vile unavyoviona muhimu. Andika kwa mkono ikiwa una mwandiko unaosomeka. Lebo ya mkono humfikia mtu moyoni kuliko iliyochapwa.

18. Mzio wa chakula niuchukulieje?

Kwa uzito kamili, kwa sababu unaweza kuua. Taja waziwazi ngano, mayai, maziwa, karanga, lozi na jamii yake, soya, na ufuta. Sheria za wauzaji zinaweza kukusaidia kukumbuka hata kama wewe huuzi: orodha ya Umoja wa Ulaya ina vyakula 14 vya lazima kutajwa, na ya Marekani ina 9 tangu ufuta ulipoongezwa mwaka 2023.

Kama mpokeaji mwenyewe ana mzio, kuondoa karanga kwenye mapishi hakutoshi. Trei, kijiko cha mbao na meza vilivyoguswa na karanga vinahamisha chembe. Oka zake za kwanza kabisa kwa vyombo vilivyooshwa, zifunge, zibandike lebo, ndipo uguse karanga kwa ajili ya wengine. Na kama jiko lako halikuwa na utengano huo, mwambie. Ukweli huo ni sehemu ya zawadi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: biskuti zenye asali zisipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Mbegu za bakteria wa botulizimu zinazoweza kuwa kwenye asali huhimili joto la oveni. Kwenye nyumba yenye mtoto wa umri huo, liandike kwenye lebo.

19. Mpokeaji ana miiko ya dini au hali vitu vya wanyama. Niangalie nini?

Vitu vilivyojificha. Mashimelo na peremende laini mara nyingi zina jelatini itokanayo na wanyama, na inaweza kuwa ya nguruwe. Vanila ya maji kwa kawaida hutengenezwa kwa pombe. Ya unga inaweza kuchukua nafasi yake. Mafuta ya nguruwe hutumika kwenye mapishi fulani ya zamani. Ukiwa na shaka muulize mtu kabla ya kuoka. Hakuna anayechukizwa kuulizwa hivyo.

## Zikisafiri mbali

20. Nazituma kwa posta. Zifungwe vipi?

Boksi ndani ya boksi. Mkebe au boksi la ndani lipangwe kama nilivyoeleza kwenye swali la 11, kisha liwekwe ndani ya boksi gumu la nje lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande: chini, juu na pande nne. Nafasi hiyo ijazwe kwa plastiki ya viputo au karatasi iliyofinyangwa mpaka boksi la ndani lisisogee. Jaribio la sikio lifanye tena kwa boksi la nje.

Bandika anwani mbili, moja nje na moja ndani juu ya zawadi, kwa sababu lebo za nje huloa na kubanduka. Tuma mwanzoni mwa wiki ili mzigo usilale ghala la posta mwisho wa juma, na uhesabu kwamba Desemba kila kitu huchelewa. Mwambie mpokeaji kuna kitu njiani. Najua mshangao ni mtamu, lakini biskuti zilizosubiri siku nane mlangoni kwa mtu aliyesafiri hazishangazi vizuri.

21. Nikizibeba kwenye ndege, au nikizituma nje ya nchi?

Biskuti kavu ni chakula kigumu, na kwa kawaida huruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi. Jemu na krimu ya chokoleti huhesabiwa kama kimiminika kwenye viwanja vingi, na kikomo cha kawaida ni mililita 100. Usifunge kwa karatasi ya zawadi kabla ya kupita ukaguzi, maana mkaguzi ana haki ya kuifungua. Beba karatasi na utepe, upambe ukifika. Mfuko uliobanwa ukiwa umejaa hewa hutuna angani, kwa hiyo toa hewa kabla ya kuubana.

Kwa kutuma nje ya nchi, angalia masharti ya nchi inayopokea kuhusu maziwa, mayai na asali, kisha jaza fomu ya forodha kwa maneno halisi: "biskuti za nyumbani", pamoja na uzito wake. Ukiandika "zawadi" tu, umemwalika mtu afungue.

## Mambo yanayojitokeza

22. Biskuti zilizogandishwa kwenye friza zinafaa kutolewa zawadi?

Zinafaa kabisa, hadi karibu miezi 3. Zigandishe kabla ya aisingi, zikiwa zimefungwa mara mbili. Siri iko kwenye kuyeyusha: zitoe friza na uziache ndani ya kifungashio chake, kimefungwa, saa kadhaa mpaka zilingane na joto la chumba. Jasho litatokea nje ya mfuko badala ya juu ya biskuti. Ukifungua mapema, maji yote hayo yanatua kwenye chakula. Baada ya hapo zifunge upya kwa zawadi na usizirudishe friza.

23. Je, naweza kutoa mchanganyiko mkavu kwenye chupa ili mtu aoke mwenyewe?

Ndiyo, na hii ndiyo zawadi inayovumilia safari kuliko zote. Panga tabaka kwa mpangilio huu: unga uliochanganywa na chumvi na soda ya kuokea chini kabisa, ukandamizwe kwa kitako cha kikombe, halafu sukari nyeupe, sukari ya kahawia, shayiri, na vipande vya chokoleti juu. Unga ukiwa juu utapenya na kuchafua tabaka zote. Ambatanisha maelekezo: kiasi cha siagi na mayai ya kuongeza, joto la oveni, dakika.

Andika pia kwamba mchanganyiko usilambwe mbichi. Unga wa ngano haujapikwa, na unaweza kubeba vijidudu kama salmonela na ikolai.

24. Zimelegea kabla sijazitoa. Zinaokoleka?

Kavu zinaokoleka. Ziweke kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, zipoe kabisa kwenye wavu (swali la 2), kisha fungasha upya kwenye chombo kikavu. Zenye aisingi au chokoleti haziwezi kurudi ovenini. Na zikiwa na doa lolote la kuvu, tupa mkebe mzima wa biskuti hizo; kukata pembe iliyooza hakuondoi nyuzi za kuvu zilizokwisha kuenea ndani.

25. Nyumba ninayopeleka ina mbwa. Kuna tatizo?

Lipo. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na zabibu kavu pia. Sukari mbadala inayoitwa ksailitoli ni hatari zaidi, hata kwa kiasi kidogo, na baadhi ya watu huoka nayo kwa ajili ya wenye kisukari. Mbwa hunusa siagi kupitia boksi la karatasi bila taabu, kwa hiyo tumia mkebe, mwambie mwenyeji kilichomo, na mwombe asiuache chini ya mti wa Krismasi. Juu ya kabati ndipo pake hadi tarehe 25.